Gari la Viti Viwili

Gaithersburg, Maryland
Machi 12, 2006

Dada Honorata, shikamoo.

Najua barua hii itakukuta gereji na utaishika kwa ncha za vidole ili usiipake grisi, kisha utaipaka tu. Mimi mzima. Theluji imeyeyuka, imebaki chafu pembezoni mwa maegesho. Kazi ni ile ile kwenye nyumba ya wazee: nawainua, nawaogesha, nawasikiliza wakinigombeza kwa majina ya watoto wao. Dorothea hajambo, yuko na maabara yake. Elieth katimiza miaka kumi na minne na kanipita mabega. Ulisema ukimpa mtoto jina la Mama utapata na maringo ya Mama, na kweli tumeyapata yote.

Nimeandika badala ya kupiga kwa sababu simu ya gereji ikilia mafundi wako wote wanazima mashine wasikilize. Na hili nataka tuzungumze wawili.

Nataka kununua gari la spoti. Usicheke kwanza. Si jipya, nina dola elfu tatu na mia tano, basi. La kwendea kazini ninalo, lile la zamani lenye mlango wa rangi tofauti. Hili ni la Jumamosi tu. Elieth aliliona moja kwenye maegesho ya maduka ya Wheaton, dogo, jekundu, paa la turubai linakunjwa nyuma, viti viwili. Akaniambia kwa Kiingereza chake kwamba hilo hata yeye angekubali kuonekana ndani yake. Ndani ya lile langu la mlango wa rangi tofauti anainama chini tukipita shuleni kwao.

Tangu Baba afe akuachie gereji, hakuna fundi ninayemwamini kuliko wewe. Niambie niangalie nini nisiibiwe.

Mdogo wako,
Clement

*

Moshi
Aprili 6, 2006

Mdogo wangu Clement, marahaba.

Barua yako imechukua wiki tatu na nusu, na nimeshaipaka grisi. Huku mvua zimeanza, barabara ya juu haipitiki. Baba Mdogo Ferdinand goti limemvimba tena lakini mdomo haujambo. Nimecheka, samahani. Mtu mwenye miaka arobaini na mmoja na kitambi anataka kukunjiwa paa. Haya, sikiliza.

Gari la spoti halijawahi kuendeshwa na mtu mpole. Kwa hiyo usiangalie rangi, rangi ni vipodozi. Nenda asubuhi bila kumwambia muuzaji saa utakayofika. Kabla halijawashwa weka kiganja juu ya boneti. Ukikuta joto, kalipasha makusudi, kwa sababu injini mbovu huficha tabia yake ikishapata moto. Fungua kifuniko cha oili. Ukiona utando mweupe kama mtindi, funga, aga, ondoka. Likiwaka, chukua bisibisi ndefu, ncha iguse injini, mpini uweke kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, kama Baba alivyotufundisha. Ukisikia kitu kinagonga kwa mpangilio, hilo si lako.

Halafu vuta mkanda wa usalama mpaka mwisho wake. Wote. Watu huosha viti, huosha mazulia, lakini hakuna anayekumbuka kuosha mwisho wa mkanda. Gari lililozama kwenye mafuriko lina mstari wa tope pale. Nimesikia redioni kwamba kwenu mwaka jana maji yalimeza mji mzima kule kusini. Magari yale hayakutupwa, Clement. Yamekaushwa.

Sasa swali langu la kifundi. Ninyi ni watatu. Viti ni viwili. Dorothea atakaa wapi? Kuna magari ya spoti yenye viti vya nyuma, vidogo lakini vipo. Mbona hukuyataja hata moja? Na wifi yangu huyo hajaniandikia tangu kabla ya Krismasi, naye si mtu wa kukaa kimya.

Dada yako,
Honorata

*

Gaithersburg
Mei 7, 2006

Dada, shikamoo.

Pole na mvua, mpe Baba Mdogo pole ya goti. Sisi tunaendelea. Miti imechanua na mimi napiga chafya kuanzia nyumbani mpaka kazini.

Nimefuata maneno yako yote, kila moja. Kwanza nilikwenda Laurel, kwenye yadi moja yenye bendera nyingi. Lilikuwa jeupe, linang'aa, bei nzuri mno. Boneti baridi, oili safi, nikaanza kufurahi. Nikavuta mkanda wa abiria. Mwishoni, Dada, tope. Mstari mwembamba wa udongo wa kijivu, umenyooka kama umepigwa rula. Nikamtazama muuzaji, akatazama simu yake. Kuna kijana alinitangulia kuliulizia, naye angelinunua, kwa sababu hana dada fundi.

La pili nimelipata Wheaton, kwa Mkongo mmoja wa Uvira anaitwa Venuste. Ni jekundu, la mwaka tisini na nne, gia za klachi, na mtu mwenyewe kalifunika shuka. Nikavuta mikanda akanishangaa. "Mon frère, hii gari hapana kuoga mu maji. Muke yangu njo alikuwa anaiendeshaka, dimanche, Jumapili tu, kwenda kanisa. Sasa amekufa. Mimi naiangaliaka, roho inauma. Uitwae." Nikatoa bisibisi nikaweka sikioni. Akavua kofia, kama tuko msibani. Dada, injini ile inaimba. Klachi imechoka kidogo na turubai lina mshono uliofumuka, basi. Anataka elfu tatu na mia mbili.

Kuhusu Dorothea usiwe na wasiwasi, yeye hapendi upepo. Nikilipata nitakuwa nalo Jumamosi saa nne nikienda kumchukua Elieth, nione atasemaje.

Je, klachi iliyochoka inanifikisha wapi? Nijibu upesi, Venuste kasema ataningoja mpaka mwezi wa sita.

Clement

*

Moshi
Mei 25, 2006

Clement,

Kumchukua Elieth wapi?

Mtoto anayelala nyumbani kwako hachukuliwi saa nne. Anaamshwa.

Nimegeuza bahasha. Anwani uliyoandika nyuma si ile ya siku zote. Ile ilikuwa nyumba, hii ina namba ya chumba. Nikachukua na ile ya Machi nikailinganisha: hiyo hiyo. Kumbe tangu Machi ulikuwa unaniambia Dorothea hajambo kama mtu anayesoma taarifa ya habari.

Umemfanya nini mke wako? Nakuuliza hivyo na si "mmekosana nini" kwa sababu mimi na wewe ni watoto wa nyumba moja. Ulikuwa mgongoni mwangu siku Mama alipolala kwenye banda la ng'ombe. Wewe hukumbuki, mimi nakumbuka nilivyokuziba mdomo usilie. Nijibu hilo, ndipo nitakujibu la klachi.

Honorata

*

Gaithersburg
Juni 18, 2006

Dada Honorata, shikamoo.

Natumaini u mzima na hasira zimepungua. Samahani kwa kukuficha. Niliona haya.

Ni kweli hatukai pamoja tangu Januari. Tulikwaruzana kama watu wanavyokwaruzana, akarudi nyuma, mlango wa kabati la jikoni ulikuwa wazi ukamgonga usoni. Majirani wakaita polisi. Huku polisi wakishaingia nyumbani hawatoki mikono mitupu. Mahakama ya kaunti imeamua Elieth akae na mama yake, mimi nimepewa Jumamosi, saa nne asubuhi mpaka saa nane mchana. Saa nne kwa wiki, Dada. Wazee ninaowaogesha wananiona zaidi ya mwanangu. Na hizo nazo alikuwa akizimaliza amekaa kwenye lile gari la mlango wa rangi tofauti, waya za muziki masikioni, akitazama dirisha. Ndiyo maana nilitaka gari.

Sikungoja jibu lako la klachi, nimelinunua. Klachi nitaivumilia.

Jumamosi iliyopita ilikuwa ya kwanza. Alipoliona alifungua mdomo akasahau kuufunga. Nikakunja paa, tukapanda mpaka Sugarloaf, kile kilima kidogo ambacho Wamarekani wanakiita mlima. Njia ina kona nyingi na miti imeinama juu yake. Nikabadilisha gia kama Baba alivyokuwa akifanya, kabla ya kona, si ndani ya kona. Na Elieth alicheka, Dada. Kila kona anacheka, nywele zote usoni. Nikaongeza mwendo acheke zaidi. Miezi sita sijausikia mlio huo. Kurudi alinishukuru bila kuambiwa.

Nimepata njia. Hakimu ataangalia tena mambo yetu mwezi wa nane, na nikiendelea hivi huenda nikapewa na Jumapili. Tafadhali usimwambie mtu huko. Wazee wasijue, hasa wakwe zangu wa kule Mwika.

Mdogo wako,
Clement

*

Moshi
Julai 2, 2006

Mdogo wangu Clement,

Wiki tano zimepita hujanijibu. Labda barua iko njiani, labda haipo. Nilishindwa kungoja, nikapiga namba ya nyumba yenu. Akapokea Dorothea. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeamka usingizini saa saba mchana. "Wifi," akasema, "Clement hakai hapa tangu Januari. Kamuulize yeye kwa nini." Akakata.

Basi nimefanya linalofanywa na dada. Nimekwenda kihambani kwetu, shambani kwa Baba, nimechuma isale kwenye mpaka wetu, jani zuri lisilotoboka, nimemchukua Baba Mdogo Ferdinand na goti lake, tumepanda Mwika kwa wazazi wa Dorothea.

Hujasahau, ingawa umekaa mbali. Mwenye kosa ndiye anayebeba isale, na akishaliweka mkononi mwa aliyekosewa, huyo hawezi kukataa kusamehe, hata kama damu bado mbichi. Sikutaja ulichofanya. Sikuhitaji. Baba yake Dorothea alilishika muda mrefu akiligeuza geuza, mama yake akaingia ndani kulia. Kisha mzee akasema, "Tumepokea. Kijana arudi kwake." Akapiga simu Maryland mbele yetu. "Binti yangu, ukoo wa mumeo umekuja na isale. Yamekwisha." Hatukusikia alichojibu. Akasema atamwandikia pia, ili wawe na maandishi.

Tulikunywa mbege tukarudi jioni. Njiani Baba Mdogo aliimba. Nimefurahi, Clement, sikufichi. Mama hakuna aliyembebea isale hata siku moja.

Sasa rudi nyumbani kwako, na tafuta gari la viti vitatu au vinne. Klachi iliyochoka inabadilishwa, si jambo la kukosesha mtu usingizi.

Dada yako akupendaye,
Honorata

*

Gaithersburg
Agosti 20, 2006

Honorata,

Sina salamu. Umenimaliza.

Barua zetu zilipishana. Yangu iliyokuomba usimwambie mtu imekufikia wewe ukiwa umeshashuka kutoka Mwika. Baba yake Dorothea aliandika kweli, kurasa mbili kwa mkono wake, na Dorothea akaipeleka kwa wakili wake, wakili akaitafutia mfasiri. Agosti tisa ilisomwa mahakamani kwa Kiingereza: ukoo wa Clement umefika kwetu na isale kukiri kosa la kumpiga binti yetu.

Hakimu, mama wa makamo mwenye miwani, akauliza isale ni nini. Wakaniinua mimi nieleze. Nimesimama pale na suti ya harusi yangu naeleza majani. Wakili wa Dorothea akaniuliza, "Kwa desturi yenu, mtu asiye na kosa anaweza kupeleka jani hili?" Nilikuwa nimeapa kwa Biblia. Nikasema hapana. "Na aliyelipeleka ni nani wako?" Nikasema dada yangu.

Hakimu akamwita Elieth ofisini kwake, peke yake, nusu saa. Alipotoka, mtoto hakutazama upande wangu. Jumamosi zangu zimesimamishwa mpaka itakapoamuliwa vingine.

Kule kwetu jani lako linafungua kila mlango. Huku umenifungia mlango mmoja niliokuwa nao. Nani alikutuma? Nilikwambia mlango wa kabati ndio uliomgonga! Gari limekaa nje chini ya miti na ndege wanalichafua. Nililipata mtoto akanirudia, nawe ukamchukua kwa safari moja ya Mwika. Sijui kama nitaweza kukusamehe, na usiniletee isale.

Clement

*

Moshi
Septemba 10, 2006

Mdogo wangu,

Nimekosa kwa kutokungoja barua yako. Hilo ni langu na linaniuma, sili vizuri. Ningejua jani lile litasomwa mbele ya hakimu ningeliacha lisimame mpakani.

Lakini kosa lenyewe sikulitunga mimi. Kila siku watu huniletea gari wakiniambia limezima lenyewe, na mimi huwaacha waseme mpaka wachoke, halafu nafungua boneti. Nimefungua na hili. Siku ile Mwika mama yake Dorothea alinionyesha picha aliyotumiwa mwezi wa pili. Jicho la kushoto. Taya la kulia. Niambie mlango wa kabati gani unampiga mtu pande zote mbili.

Sikukuandikia hayo Julai kwa sababu nilitaka uyaseme mwenyewe.

Elieth ni damu yangu, mimi ndiye shangazi yake, na shangazi anaruhusiwa kumpelekea isale kwa niaba yako. Nimekausha isale lingine ndani ya kitabu. Ukinipa neno nitamtumia kwa bahasha na maelezo kwa Kiingereza, Padri atanisaidia kuandika. Ana jina la Mama, hatakataa.

Honorata

*

Gaithersburg
Oktoba 8, 2006

Dada Honorata, shikamoo. Neno hilo nimeliandika nikiwa nalitaka, usidhani ni mazoea.

Naomba ule. Baba Mdogo mwambie nimemtumia dawa ya goti kwa mtu anayekuja Desemba. Huku majani yameanza kuwa mekundu na mimi nina afya ya mwili.

Nilimpiga. Hakukuwa na mlango. Ilikuwa Januari saba, jikoni, tukibishana kuhusu zamu zangu za kazi. Aliniambia nimeanza kufanana na Baba. Nami nikamthibitishia hapo hapo, mara moja kwa mkono huu na mara moja kwa huu. Elieth alikuwa kwenye ngazi na soksi miguuni. Nimeiandika sentensi hii mara nne, hii ndiyo ya nne.

Wakili wangu alinisomea aliyoyasema mtoto kwa hakimu. Nilidhani ni jani lako lililoninyima Jumamosi, na nilikuchukia kwa hilo mwezi mzima. Si jani. Hakimu alimuuliza yale ya jikoni, akayaeleza yote. Kisha akamuuliza kama angalau anafurahia matembezi na baba yake, maana nilikuwa nimejisifu mahakamani kwamba kwenye gari anacheka.

Alisema ndiyo, nacheka. Alisema alikuwa akicheka kila kona ili nisikasirike nikiwa nimeshika usukani. Nami nilikuwa naongeza mwendo. Hakimu akamuuliza kwa nini hakuniomba nipunguze. Akajibu kwamba ndani ya gari lile kuna viti viwili tu, na hakuna mtu mwingine.

Nilifuata kila ulichonifundisha, Dada. Nilishika boneti, nikavuta mikanda, nikasikiliza injini kwa mfupa wa sikio mpaka Venuste akavua kofia. Abiria wangu sikumsikiliza. Nilitafuta gari ambamo mwanangu hawezi kukaa mbali nami, nikalipata kwa bei nzuri.

Wakili anasema tukirudi mahakamani Novemba tunaweza kupata Jumamosi mbili kwa mwezi, na mtu wa kusimamia. Nimemwambia asidai kitu. Nitahudhuria yale mafunzo ya Alhamisi ya kudhibiti hasira ambayo hakimu alinipangia na mimi nikawa nayakwepa. Elieth ana namba yangu.

Kuhusu ile bahasha, nakuomba usiitume. Aliyepewa isale hana ruhusa ya kukataa. Mwanangu nataka ruhusa hiyo awe nayo.

Nisalimie wote wanaoniuliza, na wasioniuliza pia.

Mdogo wako,
Clement